Kigingi Nilichokihamisha Karashani

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi, mwanangu, na nataka uisikie kabla hujabeba sururu yako kwenda kazini Jumatatu. Ilikuwa saa sita mchana, mvua imekatika kidogo, na bibi mmoja mzee alikuwa ameshika kikombe cha maji mbele ya watu waliokuja kumuua. Mimi nilikuwa miongoni mwa watu hao. Kati ya wote waliosimama pale, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba maji yale yalikuwa na mauti, na kwamba si yeye aliyeyaharibu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo hutanielewa, na pengine utanionea huruma nisiyostahili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ninyi vijana mmezoea kuniita Baba Limi, lakini wakati huo nilikuwa Masalu tu, kijana kutoka Ushetu aliyekimbia tumbaku ya baba yake. Nilikwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu. Nikajifunza kushuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji, kwa kamba na tochi ya kichwani, na kujua kwa sikio kama mwamba unataka kuanguka. Nikajiona mtu. Mchimbaji kijana hujiona mtu kweli kweli, mwanangu, hasa akiwa bado hajapata kitu.

Kutoka Mwakitolyo nikahamia hapa. Mtaa huu unaouona una mabomba na taa za barabarani, lakini siku zile haukuwemo kwenye karatasi yoyote ya serikali. Watu waliuita Karashani kwa sababu upande mmoja makarasha yalisaga mawe kutwa nzima, na vumbi lake lilikaa juu ya ugali. Upande wa pili kulikuwa na mwalo, pale wanapoosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Katikati tulijibana sisi, vibanda vya maturubai na mabati, mlango kwa mlango. Hakukuwa na choo. Wanaume walikwenda vichakani. Wanawake walivumilia tangu asubuhi wakisubiri giza, na wengine waliumwa tumbo kwa kuvumilia huko. Watoto walijisaidia popote.

Maji tulichota kwa Bibi Holo.

Bibi Holo alikuwepo pale kabla ya karasha la kwanza. Marehemu mume wake ndiye aliyechimba kile kisima, wakati eneo lote lilikuwa shamba lao la mihogo. Hakumnyima mtu maji, lakini alikuwa mkali. Usitumbukize ndoo yako kisimani kwake. Ilikuwepo ndoo moja tu ya kuchotea, yenye kamba yake, na aliiosha mwenyewe kila alfajiri. Ukifika unasema, "Shikamoo Bibi," anaitika, anakutazama miguu kama ina matope, ndipo anakupa kamba. Macho yake yalikuwa mekundu. Miaka yote alipikia mabua na kuni mbichi ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na moshi ule ulikuwa umemwingia machoni ukakaa. Unajua katika nchi yetu hii macho mekundu ya bibi kizee yameleta nini, wangapi wameuawa wakiitwa wachawi. Sitakueleza zaidi, umesikia mwenyewe.

Alikuwepo pia Mzee Luhende, fundi wa maji aliyestaafu. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa mtaa akasema tumechoka kuishi hivi. Alizungumza polepole, kofia mkononi. Akasema tujenge choo cha matundu manne, mawili ya wanawake na mawili ya wanaume, chenye shimo refu na milango inayofungwa kwa ndani. Watu wakakubali. Huyu akatoa mabati, yule matofali, mwingine mbao za duara lililokufa. Mwenyekiti wetu, Mama Shija, akauliza nani atachimba. Watu wakanigeukia mimi.

Mzee Luhende alinichukua tukaenda kutafuta mahali. Alizunguka asubuhi nzima. Aliokota udongo akaufinya, akatazama mteremko, akahesabu hatua kutoka kisimani kwa Bibi Holo kwenda chini, upande ambao maji yakitoka hayawezi kurudi nyuma. Mwishoni akachongoa kijiti cha mti mgumu, akakipigilia kwa jiwe.

"Hapa, Masalu," aliniambia. "Chini kuna mwamba, utakusumbua. Lakini ni hapa. Ukishindwa, nitumie neno, tutafute njia nyingine pamoja."

Kesho yake akaondoka kwenda Ushirombo kwa binti yake. Mguu wake ulikuwa na kidonda kisichopona, na huko kulikuwa na hospitali ya kuaminika.

Tulichimba mimi na rafiki yangu Doto. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri, siku ya pili tukafika kiunoni, siku ya tatu tukagonga mwamba. Sikuwa mgeni wa miamba, mwanangu. Ningeupasua kwa tindo na nyundo, taratibu, kwa wiki tatu au nne. Lakini wiki ile ile zikaja habari za rashi, kwamba dhahabu imelipuka kwenye pori moja upande wa Bukombe, na watu wanaokota mawe juu juu. Wenzangu walikuwa wanafunga mizigo. Kila nilipopiga nyundo niliwaona kichwani wanaokota, na mimi nimeinama kwenye shimo la kinyesi cha watu.

Nikachomoa kigingi.

Nilikipeleka juu ya mteremko, nyuma ya kisima, kwenye kichanga laini ambako sururu inazama yenyewe. Doto alisimama akanitazama.

"Masalu, mzee alisema kule."

"Mzee hashiki sururu."

"Na kisima je?"

"Kisima kina kina chake, choo kina kina chake. Chimba."

Akachimba. Doto hakuwa mbishi, ndiyo maana nilipenda kufanya naye kazi. Lile shimo la chini tulilifukia kwa kifusi, tukalikanyaga, na baada ya siku chache majani yalikuwa yameanza kuota juu yake. La juu lilikamilika kabla wiki haijaisha. Mafundi wakajenga, bati likapanda, milango ikafungwa. Wanawake walipiga vigelegele siku ya kwanza, na Mama Minza, yule aliyekuwa akiwauzia uji watu wa makarasha, alinishika mikono yote miwili kunishukuru.

Bibi Holo alikuja na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa vikapikwa. Aliniandalia kama mtoto wake. Nilipokuwa nakula akaniuliza, bila ukali:

"Mbona kimekuja karibu hivi na kisima changu? Luhende aliniambia kitakuwa kule chini."

Nilimeza kiazi kwanza. "Mzee mwenyewe ameridhia, Bibi. Chini kuna mwamba."

"Basi kama Luhende ameridhia," akasema. "Wabeja, ng'wanawane." Asante, mwanangu. Ndivyo alivyoniita.

Nikaenda kwenye rashi. Sikuikuta dhahabu, nikakuta watu. Doto alibaki huko huko, akahamia mbele zaidi, na sijamwona tena hadi leo. Mimi nikarudi Karashani mvua zinaanza, mikono mitupu, nikaanza kubeba mawe kwenye karasha.

Mwaka ule mvua haikunyesha, ilimwagwa. Vichochoro vikawa mifereji. Siku ya nne au ya tano ya mvua nilikwenda kuchota maji nikaona yamebadilika rangi kidogo. Nikanusa. Nikatazama juu ya mteremko, kwenye kile choo nilichokichimba, nikajua.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Nilimwaga yale maji. Nikachukua dumu, nikatembea hadi kwenye bomba la mjini, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Kesho yake nikaenda tena. Nikawa nakunywa maji ya bomba, na majirani zangu wanakunywa ya kisima, na nikipishana nao njiani wamebeba ndoo tunasalimiana.

Sikusema. Nilijiambia nitasema kesho, mvua ikipungua. Nilijiambia labda nakosea.

Wa kwanza kuugua alikuwa Mama Minza. Alianza kuharisha asubuhi, jioni hakuweza kusimama, na kabla ya mchana wa siku ya pili alikuwa amefariki. Mume wake, Bundala, ndiye aliyekuwa akiongoza sungusungu, walinzi wa mtaa wetu, mtu mkubwa wa mwili, mpole, asiyepaza sauti. Alimbeba mkewe mikononi hadi barabarani akitafuta gari, akarudi amembeba vile vile. Baada yake wakafuata wengine, watoto na watu wazima. Kipindupindu kikaingia nyumba kwa nyumba.

Bwana afya alikuja na chokaa na vidonge vya kutibu maji, akasema tuchemshe. Akachukua maji ya kisima kwenye chupa kwenda kuyapima. Akasimama pale kisimani, akatazama juu kwenye choo, akauliza, "Choo kile alikipima nani?"

Mama Shija akajibu, "Mzee Luhende, fundi wa maji wa miaka mingi."

Bwana afya akatikisa kichwa akaandika kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, karibu naye kama wewe ulivyo karibu nami sasa. Nikasogea nyuma ya watu. Akaondoka na chupa zake, na usiku ule mto ukakata barabara. Majibu hayakurudi.

Watu wakaanza kuulizana. Kisima kile wamekunywa miaka yote bila kuugua, kimebadilika nini? Hawakujua kilichobadilika. Wakatafuta, na mtu mwenye msiba akitafuta hakosi cha kushika. Mmoja akasema amemwona Bibi Holo alfajiri akizunguka kisima na kumwaga kitu. Mwingine akasema, na yale macho? Wa tatu akasema, mbona yeye haugui? Hakuugua kwa sababu alikuwa anachemsha maji yake miaka yote, anayanywa yakiwa na majani ya mchaichai. Lakini nani alimuuliza?

Nilisikia maneno hayo kwenye karasha siku ya Jumatano. Alhamisi yalikuwa yamejaa mtaani. Ijumaa asubuhi filimbi ya sungusungu ilipigwa, watu wakakusanyika uwanjani, wengine na fimbo, wengine na mapanga. Bundala alisimama mbele. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile hadi shati lilimpwaya. Hakuhutubia. Alisema tu, "Twendeni akatuambie," akaanza kutembea.

Nami nikatembea. Miguu ilikwenda, mwanangu. Nilijiambia ninakwenda ili nimtetee mambo yakizidi. Huo ulikuwa uongo mwingine, safari hii nikijidanganya mwenyewe.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua maharage. Aliona watu wakijaa mbele yake, akaweka ungo chini.

"Karibuni," alisema.

Bundala akasogea. Panga lake lilikuwa mkononi, ameliteremsha ubavuni.

"Bibi. Umetia nini kisimani?"

"Sijatia kitu, Baba Minza. Natoa. Mvua inaingiza majani, natoa."

"Umeonekana ukimwaga."

"Majivu, nje ya ukingo. Siafu wasiingie. Mume wangu alifanya hivyo, na mimi nafanya hivyo."

"Mwongo!" mtu akapiga kelele nyuma. "Mchawi!" mwingine akasema, na neno lile likishatamkwa, mwanangu, huwa ni vigumu kulirudisha. Watu wakabanana mbele. Mama Shija alijipenyeza akasimama kati ya Bundala na yule bibi, akinyoosha mikono, akilia kwamba tusubiri majibu ya bwana afya. Akasukumwa akaanguka kwenye matope. Jiwe likarushwa likapiga mlango.

Bibi Holo akainuka. Hakukimbia, na angekimbilia wapi? Alikwenda kisimani kwake hatua kwa hatua, na watu wakamfungulia njia kwa mshangao. Akatelemsha ile ndoo yake, akaivuta. Kamba ikamtoka mara moja, akaishika tena. Akachota kwa kikombe cha plastiki.

"Mnasema nimetia sumu," alisema. "Mwenye kutia sumu anaijua, haigusi. Haya, nitazameni."

Akakiinua kikombe.

Niliona maji yale. Niliona kinywa chake kikifunguka.

"Bibi, usinywe!"

Sijui nilivyofika. Ninachokumbuka ni mkono wangu ukipiga kikombe, na maji yakimrukia kifuani. Halafu kelele zikalipuka upya, maana watu walielewa kinyume.

"Anajua! Huyu kijana anajua bibi alichotia!"

"Si yeye!" nilipiga kelele. "Ni choo! Choo kiko mahali pabaya. Mzee Luhende alipima kule chini, mimi nikahamisha kigingi. Ni mimi."

Bundala alinitazama kama mtu asiyesikia lugha. "Unamtetea," alisema. "Amekulisha nini?"

"Alinilisha matobolwa, siku nilipomdanganya."

Hakuelewa. Hakuna aliyetaka kuelewa, maana walikuwa wamekuja na mchawi tayari. Nikaona panga likipanda kidogo, nikajua maneno yangu hayatoshi. Nikasema, "Nifuateni. Nikiwa mwongo, nimalizeni na mimi huko huko."

Nikaomba jembe kwa mtu wa karibu, nikateremka mteremko. Nilisikia hatua zao nyuma yangu kwenye matope. Pale chini majani yalikuwa marefu. Nilipatafuta, sikupaona. Nikahangaika kushoto na kulia, na watu wakaanza kunung'unika, mtu mmoja akacheka vibaya. Nikapiga jembe, udongo mgumu. Nikapiga pengine, udongo mgumu. Mvua ikaanza tena. Mara ya tatu jembe likazama kwenye kifusi.

Nilichimba kwa jembe na kwa vidole. Nilitoa mawe hadi ukuta wa shimo ukaonekana, wenye alama za sururu yangu, unashuka mpaka kwenye ule mwamba. Nikasimama ndani yake, maji ya mvua yakinifika magotini, nikawaambia tena tangu mwanzo, polepole. Rashi. Kigingi. Uongo niliomwambia Bibi. Nikawaambia na lile la mwisho, ambalo hakuna aliyeniuliza: kwamba maji ya kisima niliacha kuyanywa kabla Mama Minza hajaugua.

Bundala alikuwa amesimama ukingoni juu yangu. Alilitazama shimo, akatazama juu, kwenye kisima na kile choo nyuma yake. Niliinamisha kichwa nikasubiri. Nilisikia kitu kikianguka kwenye matope, nikajua ni panga. Nilipoinua macho, yule mtu mkubwa alikuwa amekaa chini kwenye mvua, miguu imening'inia shimoni, analia kama mtoto, na watu wamegeuka kando wasimtazame.

Hawakunipiga. Mpaka leo natamani wangenipiga.

Mama Shija, matope yakiwa bado kwenye kanga yake, alifunga kisima siku hiyo hiyo kwa mbao na misumari. Choo kikamwagiwa chokaa kikafungwa. Wagonjwa wapya wakapungua, kisha wakakoma. Mambo yanapokuwa wazi, mwanangu, kazi yake huwa fupi. Kwa siku zote zile nilizonyamaza, kilichohitajika kilikuwa ni mbao chache na misumari.

Mzee Luhende alirudi barabara ilipofunguka, anachechemea kwa mkongojo. Nilikwenda kwake nikapiga magoti mlangoni. Hakuniinua haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaegemeza mkongojo ukutani. "Masalu, ulipokutana na mwamba ukaona uvivu, hilo ni la kijana yeyote. Ningekugombeza, tungehamisha choo, yangeisha. Nataka uniambie jingine. Ile siku ya kwanza uliyobeba dumu kwenda bomba la mjini, ulikuwa unawaza nini?"

Nikazidi kuinama hadi paji la uso likagusa kizingiti.

"Ulikuwa umejua," alisema. "Ukajiokoa peke yako. Hapo ndipo ulipoua. Si kwa sururu."

Kisha akaniambia nitakachofanya, na hakuniuliza kama nataka. Nitapasua ule mwamba wa chini hadi kina alichokitaka tangu mwanzo. Na mpaka mtaa utakapopata maji safi, nitapeleka maji ya bomba kila siku kwa Bibi Holo, na kwa Bundala na mtoto wake.

Nilipasua. Asubuhi mwamba, jioni madumu juu ya baiskeli. Watoto walinipigia kelele njiani, na watu wazima waligeuza nyuso nilipopita. Wiki ya tatu, nikiwa shimoni, kivuli kikasimama juu. Alikuwa Bundala. Alishuka, akachukua nyundo, akanionyesha kwa kidevu nishike tindo. Fikiria, mwanangu. Mimi nimeshika tindo kwa mkono, na yeye ndiye mwenye nyundo. Kila pigo nilifumba macho. Hakukosea hata mara moja, alipiga kichwa cha tindo tu. Tulifanya hivyo hadi mwamba ukaisha, na hatujawahi kulizungumzia.

Bibi Holo hakukaa. Binti yake alikuja kumchukua akampeleka kwake Runzewe. Nilimfuata huko baada ya miezi, nimebeba mchele. Alinipokea, akanipikia. Nikamwomba radhi, nikamwambia sasa hivi bomba linakuja Karashani, Mzee Luhende amefuatilia ofisi hadi ofisi, mitaro tunachimba wenyewe, arudi kwake. Akatikisa kichwa.

"Nimekusamehe, ng'wanawane, siku ile ile uliponipiga kikombe. Lakini kulala pale siwezi tena. Nilikuwa nawajua wote waliosimama mbele yangu. Niliwapa maji wote."

Hakurudi. Alifia Runzewe, akazikwa huko, mbali na kaburi la mume wake. Maji yalifika, choo kikajengwa, mtaa ukaandikwa kwenye karatasi za serikali, na mimi nikajifunza ufundi wote wa Mzee Luhende kabla hajafariki. Kikundi hiki chenu cha mafundi, mnaopewa kazi ya mabomba na vyoo hadi mitaa ya mbali, kimetokana na mitaro ile. Watu wakija kuniita mwanzilishi nakaa kimya. Bibi yule alipoteza nyumba yake, na Minza alikua bila mama. Hilo halikurekebishika.

Basi nikuambie, mwanangu, ninachotaka ubaki nacho.

Jumatatu mnaanza vyoo vya mtaa wa juu. Utakutana na mwamba, au mbao fupi, au jua, na mwili wako utatafuta njia ya mkato. Hilo silizuii, nawe ni mtu. Lakini kazi ya maji na choo si sawa na duara. Kwenye duara ukikosea unajifukia mwenyewe. Hapa ukikosea, anayeumia ni mama aliyekushika mikono kukushukuru. Kwa hiyo ukishindwa, sema umeshindwa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, jasho likiwa bado mwilini, maana kosa la leo linafungwa kwa misumari, na la mwezi ujao linazikwa. Usiwaze kwanza watakuonaje. Ukiona maji yameharibika na wewe umepata mengine ya kunywa, jua kwamba umeingia hatarini kuliko wanaoyanywa. Na siku utakapowaona watu wanamzunguka mmoja wao na kumwita mchawi, usitembee nao hata hatua moja ukidhani utamtetea mbele ya safari. Simama hapo hapo ulipo, useme.

Nami nakuombea. Mungu akupe mikono isiyochoka na ulimi usiochelewa. Akuepushe na siri inayokunyima usingizi. Wake kwa waume wanywe maji uliyoyaleta wasikujue jina, watoto wao wakue na matumbo yao mazima, na ukipita mlangoni kwao ukiwa mzee kama mimi, wakukaribishe ndani, nawe uingie bila kuinamisha macho.